Sadakta, sahihi, sawa: ukiambiwa umesema kweli, umepewa nini?

Sokoni Lindi, siku za maji mafu, pweza huwa haba na ubishi huwa mwingi. Asubuhi moja ya namna hiyo nilikuwa kwenye benchi la muuza kahawa, kikombe cha pili mkononi, na mbele yetu mama mmoja muuza pweza akiwajibu wateja waliolalamikia bei. "Mnataka ishuke vipi? Maji yenyewe haya hayatoki. Subirini bamvua, mwamba ukae wazi, wanawake washuke kuchokoa, ndipo mje mnililie hapa." Mzee aliyekaa kando yangu akaweka kikombe chini, akajipiga paja: "Sadakta!"

Ustadhi mmoja kijana, aliyekuwa amesimama akingoja kashata, akatabasamu kwa adabu. "Mzee wangu, samahani. Huyo ni mwanamke. Kwa mwanamke ni sadakti." Mzee akamtazama kama mtu aliyeambiwa kavaa kanzu kinyume. Mama naye akataka kujua hiyo sadakti inashusha bei au inapandisha. Tukacheka, ubishi ukawaka, kahawa ikapoa.

Nimelifikiria jambo lile tangu siku ile, maana hakuna aliyekosea pale. Ustadhi alikuwa anasema Kiarabu, mzee alikuwa anasema Kiswahili, na neno lilikuwa lile lile.

Kwa Kiarabu, sadakta ni sentensi nzima. Ndani yake mna kitenzi cha kusema kweli, kikiwa katika tendo lililokwisha, na ile "ta" ya mwisho ndiyo inayobeba mtu: wewe, mwanamume, mmoja. Akiwa mwanamke, "ta" inageuka "ti". Wakiwa wanaume wengi, inakuwa "tum". Kwa hiyo mzee, kwa masikio ya Mwarabu, alimwambia mama wa pweza, "Wewe bwana, umesema kweli." Ustadhi alikuwa na sababu ya kutabasamu.

Lakini Kiswahili kilipolichukua neno hili hakikulifungua kuona mlivyo ndani. Kililibeba kama furushi, fundo lake likiwa limekazwa vile vile, kikalifanya kihisishi. Linatoka mdomoni, linatua, basi. Halipokei kiambishi, halinyambuliki, halimwulizi msemaji kama ni mume au mke. Hatusemi "amenisadakta" wala "tusadaktane", ingawa hilo la pili lingefaa kwa baadhi ya vikao ninavyovijua.

Anayeona huo ni uzembe wetu alitazame neno "asante". Limetoka katika kalibu ile ile: ahsanta, umetenda vyema, wewe mwanamume mmoja. Kwa mwanamke lingekuwa ahsanti. Sijapata kumsikia mtu Lindi wala Mtwara akimkanya mwenziwe kwa kumwambia mama yake asante, na huyo ustadhi mwenyewe alipopewa kashata na binti wa muuza kahawa alisema asante bila kusita. Neno limekuwa letu kiasi kwamba tumelivika "ni" yetu ya wingi, tukapata "asanteni". Sadakta haikufika huko. Hakuna anayesema "sadaktani", na ukijaribu utaonekana unataja jina la kijiji.

Hapo hapo ipo "samahani", ambayo mwisho wake unafanana na ule wa asanteni ila si ndugu yake. "Ni" ya samahani ilikuja na meli: kwa Kiarabu ndiyo inayosema "mimi", yaani nisamehe. Ya asanteni ni ya nyumbani. Mbili zimekaa mkia mmoja, kila moja na ukoo wake. Pwani hii imezoeana na Kiarabu zamani sana. Kilwa Kisiwani, ambayo leo iko mkoa wetu wa Lindi, ilimpokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, na misikiti ilikuwa imeshasimama. Karne zote hizo maneno hayakukaa yakingoja mwalimu wa sarufi.

Kuna na suala la tahajia, ambalo vijana wamelifanya la kwao. Kwenye simu utaona wameandika "Swadakta!" na alama za mshangao tatu. Katika Kiswahili sanifu ni sadakta. Ile "w" inatokana na herufi ya Kiarabu wanayoiita swadi madrasani, ambayo ni nzito kuliko sini, "s" ya kawaida. Ulimi unapoibeba, sikio la Mswahili husikia kama kuna "w" imejificha, na ndiyo maana tuna swala na sala, swaumu na saumu, swahaba na sahaba. Sanifu imechagua wepesi. Kwa sala ilikuwa busara, kwa sababu swala ni mnyama wa porini na tayari alikuwa na jina lake. (Neno "Swahili" lenyewe halimo katika mkumbo huo. Limetokana na sawahil, pwani, kwa sini nyepesi, na "w" yake ilizaliwa nayo.)

Sasa matumizi, maana hapa ndipo kamusi huishiwa pumzi. Sadakta ni neno la msikilizaji. Mtu halisemi juu ya maneno yake mwenyewe. Hulisikia kwenye mawaidha, shehe anapogusa jambo linalowauma watu, na safu ya nyuma ikaitikia. Hulisikia kwenye mikutano ya kijiji, mara nyingi mtu anapotaja fedha za mradi. Halitumiki kwa habari ndogo. Ukiniambia basi la Masasi limeondoka saa moja, nitakujibu "kumbe!" au "haya". Ukiniambia basi hilo huondoka saa moja kwa abiria na saa mbili kwa wakubwa, hapo nitasema sadakta. Linahitaji maneno yenye uzito kidogo, kitu ambacho wengine walikijua na hawakukisema. Ndiyo maana linapigwa na mkono pajani.

Na halijabaki msikitini. Ukoo wake umetawanyika mpaka kwenye nyumba za ibada za watu wengine. Msomaji wa Kurani akimaliza husema "Sadakallahu-l-adhim", Mungu Mkuu amesema kweli. Ni kitenzi kile kile cha mzee wa kahawa, ila mtendaji amebadilika. Sasa toka pwani, panda barabara ya Masasi mpaka Ndanda, ambako watawa Wabenedikto walianzisha misheni mwaka 1906. Jumapili waumini husimama na kuanza, "Nasadiki kwa Mungu mmoja." Sadiki ni mtoto wa mzizi huo huo: kulikubali jambo kuwa kweli. Sadaka inayopitishwa baada ya hapo ni mtoto mwingine. Mtu anaweza kutoka Lindi mjini hadi Ndanda, akasikia mzizi mmoja kijiweni, msikitini na kanisani, asijue kwamba ni mmoja.

Lakini mbona hatukutosheka na sadakta? Kiswahili kina maneno mengi ya kumwambia mtu kuwa hakukosea: kweli, sahihi, sawa, haki, barabara, ndivyo. Mtu akiyatazama kwa haraka atadhani ni visawe, achague lolote. Mimi nilidhani hivyo mpaka nilipokaa siku nzima kwenye chama cha msingi cha ushirika msimu wa korosho, nikimsaidia mjomba kupeleka magunia yake.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008, na tangu hapo mkulima haondoki na pesa mkononi. Anaondoka na karatasi, kisha anangoja mnada. Kwa hiyo anauliza maswali mengi pale kwenye mizani, na kila swali lina neno lake. Kabla gunia halijapanda, mjomba aliuliza, "Mizani iko sawa?" Maana yake: inasoma sifuri, haijalala upande. Karani alipoandika, akauliza, "Hizo kilo ni sahihi?" Maana yake: ulichoandika ndicho kilichosomeka. Karani naye akamgeuzia, "Ni kweli magunia yote haya ni ya shamba lako?" Hapo hakuwa anauliza kuhusu mizani wala karatasi. Alikuwa anauliza kama maneno ya mjomba yanalingana na mambo yalivyo huko shambani. Mwisho, mjomba akiikunja ile karatasi: "Na haki yangu naipata lini?"

Gunia moja, maneno manne, na hakuna hata moja unaloweza kulihamisha. Jaribu kuuliza "mizani iko kweli?" uone watakavyokutazama. Na jambo chungu ni kwamba matatu ya mwanzo yanaweza kukamilika bila la nne. Mizani ikawa sawa, kilo zikawa sahihi, magunia yakawa ya kweli, na pesa isije kwa wiki. Mjomba hakuwa amekosewa hesabu. Alikuwa hajapata haki.

Njia nyepesi ya kuyatenga maneno haya ni kuyauliza adui zao. Kweli anapigana na uongo. Haki anapigana na dhuluma. Sawa ana upogo, yaani kitu kilicholala upande. Sahihi ndiye mwenye maadui wengi: kwenye daftari la shule ni kosa, kwenye ndoa na mikataba ni batili, na kwa wanazuoni wa hadithi ni dhaifu. Huyo dhaifu ndiye anayetuonyesha moyo wa neno. Sahihi mwanzo wake ni uzima wa mwili: kitu kisicho na ugonjwa wala ufa. Tunapomtakia mtu siha njema tunamtakia kitu cha ukoo huo huo. Hadithi sahihi ni hadithi nzima, mnyororo wake haujakatika. Hata sahihi ya mkono, ile ambayo wazee wetu walikuwa wakitia kwenye hati kabla "saini" haijashika mitaa, ilikuwa alama ya kuifanya hati iwe nzima. Bila hiyo karatasi ni mgonjwa.

Sadakta adui yake ni nani? Kiarabu kinaye: kadhabta, umesema uongo. Sisi tumechukua kidhabu na kadhibisha kutoka kwenye mzizi huo, lakini hilo neno la kumpigia mtu usoni hatukulitaka. Asiyekubali kijiweni atasema "hapana, bwana" au atavuta "weee!" ndefu. Nadhani tulichukua sifa tukaiacha tusi, na sioni ubaya.

Sawa imechoka kidogo, maskini. Mwanzo ni neno la kulingana, na bado linafanya kazi hiyo: usawa wa bahari, kusawazisha bao. Ila katika mazungumzo limegeuka neno la kufunga mlango. Mke akisema "sawa", usifikiri amekubali kwamba umesema kweli. Amekubali kwamba maongezi yameisha. Vijana nao wanasema "kwa usawa huu" wakimaanisha ugumu wa maisha, na hapo hakuna kinacholingana na kitu.

Haki inahitaji kukaa kidogo zaidi, kwa sababu ina ndugu wa kupandikiza. Kwa Kiarabu neno lake ni kweli na stahili kwa pamoja. Sisi tuligawa. Stahili ikabaki na haki, kweli ikaenda kwa hakika na watoto wake: uhakika, hakikisha, hakiki, uhakiki. Maana ya zamani imebaki kwenye kiapo tu. Mtu akisema "haki ya Mungu sikuchukua", hadai mali ya Mungu, anaapa kwa ukweli. Stahiki nayo ni ya ukoo huu, na ndiyo inayomfanya meya wa manispaa aitwe Mstahiki.

Wengi hudhani hakimu amepewa jina lake kutokana na haki. Inapendeza, na ingekuwa vizuri. Bahati mbaya si hivyo. Haki inaandikwa kwa qafu, ile "k" ya kooni. Hakimu, hukumu, mahakama na hekima vinaandikwa kwa kafu, "k" ya kawaida, na mzizi wao ni wa kuamua. Kiswahili kilizimeza herufi mbili kikatoa sauti moja, na ukoo mbili zikaonekana moja. Kwa asili ya neno, hakimu ni mwenye kukata shauri. Haki anaitafuta, hakuzaliwa nayo. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inayaweka maneno mawili pamoja inaposema watu wote ni sawa mbele ya sheria na wanayo haki ya kulindwa. Ni pambo zuri la mfano wangu wa mizani: sawa inaeleza jinsi watu walivyopangwa, haki inaeleza wanachodai. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, tofauti hizi zimetoka kwenye vijiwe zikaingia kwenye kumbukumbu za mashauri.

Barabara nitaipita mbio. Ukikaza "ra" ya mwanzo, baRAbara, umesema "vizuri kabisa". Ukikaza "ba" ya nyuma, baraBAra, umesema njia. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na maji yakaikata njia ya Somanga, mkoa mzima ulikosa zote mbili.

Nimefika kwenye jambo linalonikera kidogo, nami nitajitahidi kuwa mwungwana. Siku hizi kila kona unaambiwa "upo sahihi" au "uko sahihi". Redioni, shuleni, kwenye vikao vya harusi. Wapo wanaoipiga marufuku wakisema ni Kiingereza kilichovaa kanga. Sidhani ni kosa la sarufi. Tunasema mtu yuko tayari, yuko huru, yuko hai, na hakuna anayelalamika. Tatizo langu liko kwingine: tumeyaondolea maneno sifa tukampa mtu mwenyewe. Kiswahili cha wazee kilisifu kauli. "Umesema kweli." "Ndivyo." "Maneno hayo." Sadakta yenyewe, ukiifungua, ni tendo lililokwisha: umesema kweli katika sentensi hii, na ijayo tutaisikiliza upya. "Upo sahihi" inamweka mtu mwenyewe ndani ya usahihi kama aliyekaa chumbani, na kumtoa humo ni kazi. Ahadi za mwanachama wa TANU zilikuwa na moja inayosema, "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Mwanachama aliahidi kitu anachoweza kukifanya kwa mdomo wake. Hakuahidi kuwa sahihi.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni "ndiyo". Watu hulichukulia kama neno la kukubali tendo, kumbe linakubali kauli. Mtu akikuuliza, "Hujala?", nawe hujala, jibu la asili ni "Ndiyo", yaani ndivyo ulivyosema, sijala. Kizazi kilichosoma Kiingereza kingi hujibu "Hapana, sijala", na hapo mambo huvurugika. Mwaka jana nilipiga simu kwenye ofisi ya basi moja kuwekesha kiti cha kwenda Dar es Salaam. Karani, msichana kwa sauti yake, akauliza, "Hujalipia?" Nikajibu, "Ndiyo." Akaandika nimelipa. Alfajiri stendi nikakuta kiti changu kimewekwa alama ya kulipiwa, na kondakta ananidai risiti. Mimi nilikuwa nimeyakubali maneno yake. Yeye alisikia nimekubali malipo. Tulichukua robo saa kuelewana, na abiria mmoja nyuma yangu, Mungu ambariki, aliponisikia nikieleza tofauti hiyo akasema sadakta, ingawa nadhani alitaka tu foleni iende.

Linabaki swali la wingi, ambalo sadakta imelikimbia. Nililiona wiki moja baada ya ubishi ule wa kwanza. Bamvua ilikuwa imefika, pweza wamejaa beseni, bei imeshuka kama mama alivyosema. Ustadhi naye akawa upande wake, akiwaambia wateja kwamba bei ikishuka zaidi ya hapo wanawake hawatashuka mwambani, na mama akiitikia kila neno. Mzee wa kahawa aliwasikiliza wote wawili, akaweka kikombe chini, mkono ukainuka kuelekea pajani. "Sada..." akasema, akamtazama ustadhi, akamtazama mama, mkono ukabaki hewani.

"Mmesema kweli," akamalizia, na kuagiza kahawa nyingine.